Jua Kwanza, Gemu Baada ya Magharibi

Mzazi anayemleta mtoto kupimwa macho mjini Gisenyi mara nyingi huwa ameshatoa hukumu kabla ya kufika. Mshitakiwa ni simu. Mtoto amekesha nayo akicheza Free Fire au eFootball, sasa haoni ubaoni, basi dawa ni kumnyang'anya. Naielewa hasira hiyo, na sehemu yake ni ya haki. Lakini utafiti wa miaka zaidi ya ishirini umetufundisha kwamba kumpokonya mtoto simu na kumwacha amekaa ndani ya chumba kilekile ni kumtibu nusu. Kinga kubwa ya macho yake ni mwanga wa nje. Mji huu wa ufukweni mwa Ziwa Kivu, ulio karibu kabisa na ikweta, unapata mwanga huo takriban kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, mwaka mzima, bila malipo.

Tuanze na jicho lenyewe. Mtoto huzaliwa na jicho fupi, lenye urefu wa milimita 16 au 17 kutoka mbele hadi nyuma. Linakua pamoja naye, na kwa mtu mzima anayeona vizuri hufika milimita 24 hivi. Likipitiliza urefu unaolifaa, taswira ya vitu vya mbali huangukia mbele ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, badala ya kutua juu yake, kama projekta ya ukumbi wa filamu za agasobanuye iliyosogezwa nyuma mno: picha ipo, ila imejaa ukungu. Hiyo ndiyo mayopia, yaani kutoona mbali. Milimita moja ya ziada humgharimu mtoto dayopta mbili na nusu au zaidi (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi), na kwa kiasi hicho maandishi ya ubaoni humpotea hata akikaa dawati la mbele. Jicho likisharefuka halirudi. Miwani hurekebisha uoni, lakini urefu unabaki palepale.

Kwa sababu hiyo, umri wa kuanza una uzito mkubwa. Mtoto aliyeanza kutoona mbali akiwa na miaka saba ana miaka kumi au zaidi ya jicho kuendelea kurefuka. Aliyeanza akiwa na kumi na tano ana michache. Na mayopia kali, ile inayopita dayopta tano au sita, ni zaidi ya usumbufu wa kuvaa lenzi nene. Humwongezea mtu hatari ya retina kubanduka, ya glakoma, na ya kuharibika kwa sehemu ya katikati ya retina ambayo ndiyo tunayosomea na kutambulia nyuso. Maradhi hayo huweza kumpata mtu katika umri wa kulea na kufanya kazi. Kila mwaka tunaofaulu kuchelewesha mayopia ya mtoto ni mwaka tunaoupunguza katika hatari hiyo.

Sisi Afrika bado hatujafika pabaya. Uchambuzi uliojumlisha tafiti za bara zima tangu mwaka 1983 hadi 2020 ulikadiria mayopia ya watoto kuwa asilimia 4.7. Jijini Mwanza, wanafunzi 2,511 wa sekondari walipimwa na matokeo yakachapishwa mwaka 2002: asilimia 5.6 walikuwa na mayopia. Hapa Rwanda, utafiti wa shule za sekondari za wilaya ya Nyarugenge, jijini Kigali, uliochapishwa mwaka 2015, ulikuta karibu mwanafunzi mmoja kati ya watano ana kasoro ya uoni inayorekebishwa kwa miwani, na karibu mmoja kati ya kumi ana mayopia. Sasa linganisha na Seoul, ambako vijana wa kiume wa miaka 19 waliopimwa kwa ajili ya jeshi mwaka 2010 walikuwa na mayopia kwa asilimia 96.5. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2016 na watafiti wa Taasisi ya Brien Holden ya Sydney yanasema kwamba kufikia mwaka 2050 nusu ya watu wote duniani watakuwa hawaoni mbali. Swali letu ni kama wilaya yetu ya Rubavu italazimika kupita njia ya Seoul.

Ili tusiipite, lazima tujue njia hiyo ilianzia wapi. Huko Taiwan, vijana wa miaka 16 hadi 18 wenye mayopia walikuwa asilimia 74 mwaka 1983, wakafika asilimia 84 mwaka 2000. Tarehe hizo zinasema mengi. Mwaka 1983 hapakuwa na simu ya kugusa wala gemu ya mtandaoni. Kulikuwa na madaftari, mitihani ya ushindani, masomo ya ziada hadi usiku, na watoto walioingia darasani kukiwa hakujapambazuka vizuri na kutoka kukiwa kumetanda giza. Wapo wanaosema ni urithi tu, na kweli mtoto wa wazazi wasioona mbali ana hatari zaidi. Lakini vinasaba vya taifa havibadiliki ndani ya kizazi kimoja. Uchunguzi wa Uingereza uliotumia taarifa za vinasaba, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba kila mwaka wa ziada wa elimu humsogeza mtu karibu robo dayopta kuelekea mayopia. Chanzo kilichofahamika mwanzo, basi, kilikuwa shule, tena shule nzuri.

Je, tuache kusoma? Hapana, na ushahidi wa kututoa wasiwasi ni utafiti ambao ningependa kila mwalimu mkuu aujue. Mwaka 2008 watafiti walilinganisha watoto wa miaka sita na saba wenye asili ya Kichina katika miji miwili. Sydney, wenye mayopia walikuwa asilimia 3.3. Singapore, asilimia 29.1. Asili ni moja, na wazazi wasioona mbali walikuwa wengi pande zote mbili. Watoto wa Sydney ndio waliosoma vitabu vingi zaidi kwa wiki. Tofauti kubwa ilikuwa kwenye saa za kukaa nje: wa Sydney walikaa saa 13.75 kwa wiki, wa Singapore saa 3.05.

Baada ya hapo yakaja majaribio. Guangzhou, nchini China, shule sita ziliongezewa dakika 40 za kipindi cha nje kila siku, nyingine sita zikaendelea kama kawaida. Baada ya miaka mitatu, watoto waliopata mayopia katika shule zilizoongezewa kipindi hicho walikuwa asilimia 30.4, na katika zile nyingine asilimia 39.5. Taiwan ilifanya jambo jepesi zaidi: wakati wa mapumziko taa za darasa zinazimwa na watoto wote wanatolewa nje. Ndani ya mwaka mmoja, mayopia mpya ilikuwa asilimia 8.41 katika shule iliyofanya hivyo, na 17.65 katika shule ya kulinganishia. Mwaka 2010 serikali ya huko ilianza kuzihimiza shule za msingi ziwape watoto dakika 120 za nje kila siku. Idadi ya wanafunzi wenye uoni pungufu, iliyokuwa ikipanda miaka na miaka, ilifika asilimia 50 mwaka 2011, kisha ikaanza kushuka hadi 46.1 mwaka 2015. Hakuna kitabu kilichofungwa wala mtihani uliofutwa.

Mwanga hufanyaje kazi? Maelezo yenye nguvu zaidi yanatokana na majaribio ya wanyama, hasa vifaranga vya kuku: mwanga mkali huifanya retina itoe dopamini nyingi, na kemikali hiyo hulipunguzia jicho kasi ya kurefuka. Neno la msingi hapo ni ukali wa mwanga. Darasa lenye taa nzuri lina laksi 300 hadi 500, laksi ikiwa kipimo cha mwanga. Nje, jua likiwaka, kipimo hufika 100,000, na hata siku ya mawingu ya masika mara nyingi hupita 10,000. Chini ya mti bado ni maelfu. Kwa hiyo mtoto hahitaji kuchomwa na jua la saa sita. Akivaa kofia, akicheza kivulini, jicho bado linapata mwanga mara nyingi zaidi kuliko ule wa darasani. Ninachoonya ni kulitazama jua lenyewe, jambo linalounguza retina.

Sasa turudi kwa mshitakiwa. Je, simu haina hatia? Inayo. Mwezi Februari 2025 ulichapishwa uchambuzi uliojumlisha tafiti 45 zenye washiriki zaidi ya 335,000. Ulionyesha kwamba kila saa moja ya ziada kwa siku mbele ya skrini iliambatana na ongezeko la asilimia 21 la uwezekano wa kuwa na mayopia, na kwamba hatari hupanda kwa kasi kati ya saa moja na saa nne. Hayo si ya kupuuza. Lakini nyingi ya tafiti hizo ziliwaangalia watoto tu bila kuwafanyia jaribio, na mtoto aliye kwenye skrini kwa saa nne kwa kawaida yumo ndani kwa saa hizohizo. Pengine pia mtoto asiyeona mbali hupendelea kitu kilicho karibu, maana mpira hauoni vizuri. Kuzitenganisha sababu hizi ni kazi ngumu, na anayekuambia kwamba gemu peke yake ndiyo chanzo amekimbilia jibu.

Ninachoweza kukisema kwa uhakika kinatokana na hesabu ya macho. Jicho zima, ili lione kitu kilicho sentimita 25, lazima lijikaze kwa dayopta nne. Kuona televisheni iliyo mita mbili, nusu dayopta inatosha. Tofauti ni mara nane. Katika vibanda vya PlayStation ambako vijana wetu hulipia mechi, skrini kubwa iko mbali nao. Mtoto mwenye simu kitandani ameishika karibu na pua, taa imezimwa, na hakuna foleni ya wenzake inayomlazimisha kupumzika. Mzazi wa Gisenyi humkaripia sana anayekwenda kibandani, huku yule aliyetulia chumbani na simu akisifiwa kuwa mtoto mpole. Kwa upande wa macho, huyo mpole ndiye wa kuangaliwa kwanza. Na simu zinazidi kuwa rahisi kupatikana: mwaka 2023 mpango wa ConnectRwanda ulileta sokoni simu ya 4G kwa faranga 20,000. Ni neema kwa elimu na biashara. Neema hiyo inahitaji malezi.

Kosa la pili la simu, ambalo mimi naliona kubwa kuliko la kwanza, ni kumwibia mtoto saa za mchana. Tuliliona hili wakati wa korona. Katika mji wa Feicheng, mkoa wa Shandong nchini China, watoto hupimwa kila mwaka. Kati ya mwaka 2015 na 2019, mayopia kwa watoto wa miaka sita haikupita asilimia 5.7. Mwaka 2020, baada ya miezi ya kufungiwa nyumbani na kusoma kwa skrini, ilifika asilimia 21.5. Rwanda nayo ilifunga shule katikati ya Machi 2020 na kuanza kuzifungua kwa awamu mwezi Novemba. Watoto wengi wa vijijini Rubavu walizipitisha siku hizo mashambani na uani. Waliofungiwa ndani ya geti mjini, na simu ya mzazi mkononi, waliishi karibu zaidi na hali ya Feicheng.

China ilijibu gemu kwa sheria kali. Tangu Septemba 2021, aliye chini ya miaka 18 anaruhusiwa gemu za mtandaoni saa moja tu, kuanzia saa mbili usiku hadi saa tatu, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Inaweza kuwa na faida zake. Lakini sheria ya kukataza haisemi mtoto afanye nini katika saa alizookolewa. Akizipeleka kwenye masomo ya ziada chumbani, jicho halitaona tofauti kubwa.

Kwa hiyo nauangalia mchana wa mtoto wa Rubavu, kipande kwa kipande. Tangu Januari 2023, saa za shule nchini ni kuanzia saa mbili na nusu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Kuchelewa kuanza kumewapa watoto usingizi, na nilifurahi. Lakini anayetoka saa kumi na moja ana saa moja hivi kabla ya giza, na nusu yake iko njiani. Kutembea kwa miguu kwenda shule ni dawa ambayo watoto wa Rugerero na Nyamyumba wanaipata bila kuandikiwa na daktari. Anayepelekwa kwa gari, au anayelala bwenini na kuvuka uwanja mara chache tu, anaikosa. Kwao mapumziko ya shule ndiyo karibu jua lote la siku, na mapumziko hayo ndiyo ya kwanza kuliwa mitihani ya taifa inapokaribia. Kipindi cha michezo kinageuzwa kuwa hesabu, na wazazi tunashangilia.

Hapo ndipo ninapowaomba walimu wakuu na kamati za wazazi waanzie. Mapumziko yote yawe nje, na darasa libaki tupu. Kipindi cha michezo kisiguswe, hata kwa darasa la mtihani. Wasichana wapewe uwanja pia, kwa sababu mara nyingi mpira huwa wa wavulana na wao hubaki vibarazani au kurudishwa darasani kufagia. Masomo mengine yafundishwe nje: mwalimu wa jiografia mwenye mlima Nyiragongo upande mmoja na Ziwa Kivu upande wa pili hana haja ya kuichora volkano ubaoni kila mara. Shule zenye zamu mbili, ambako mtoto husoma nusu siku, zina bahati ambayo hatuihesabu. Nusu ile nyingine ni hazina ya jua, mradi isiishie kwenye simu.

Kwa nyumbani ninayo kanuni moja ambayo ikweta imeturahisishia. Kwetu jua halichezi na msimu. Basi jua kwanza, gemu baada ya magharibi. Siku za mapumziko, mtoto awe nje angalau saa mbili za mchana, ufukweni akiwa na mtu mzima, uwanjani akiwaiga wachezaji wa timu zetu za Etincelles na Marines, au sokoni akimsaidia mama. Adhana ya magharibi ikisikika, kama kazi za shule zimekwisha, acheze kwa muda mliokubaliana. Gemu iwe kwenye televisheni ikiwezekana. Simu isikaribie uso kuliko urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole, taa ya chumba iwake, na kila baada ya dakika ishirini ainue macho atazame mbali. Chini ya miaka miwili, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba skrini isiwepo kabisa, na kuanzia miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Zile lenzi zinazouzwa kwa sifa ya kuchuja mwanga wa bluu, usizinunue kwa kutegemea kwamba zitazuia mayopia.

Kinga ikichelewa, upimaji usichelewe. Mtoto anayekunja macho, anayesogea ubaoni, anayenakili kutoka kwa jirani, huyo haoni, na mara nyingi hajui kwamba haoni. Katika hilo Rwanda ina rekodi ya kujivunia. Kuanzia mwaka 2012 hadi 2017, Wizara ya Afya pamoja na shirika la Vision for a Nation, lililoanzishwa na James Chen, walifundisha zaidi ya wauguzi 2,500 wa vituo vya afya kupima macho na kutoa miwani kwa bei ya karibu dola moja na nusu, na bure kwa maskini zaidi. Wahudumu walifika katika vijiji takriban 15,000. Nchi chache za kipato chetu zimefanya hivyo. Lakini muuguzi anaweza kumhudumia palepale mtu mzima anayehitaji miwani ya kusomea. Mtoto anahitaji zaidi, kwa kuwa jicho lake lina nguvu ya kujikaza na kuidanganya mashine ya kupimia. Apewe rufaa, atiwe matone ya kulegeza jicho, ndipo apimwe. Miwani ya mtoto iliyonunuliwa kwa kujaribu jozi kadhaa mezani ni ya kubahatisha.

Na akipewa, aivae. Jijini Dar es Salaam, wanafunzi wa sekondari waligawanywa makundi mawili: wengine walipewa miwani bure, wengine karatasi ya kwenda kununua. Baada ya miezi mitatu, walioitumia walikuwa asilimia 47 kwa kundi la kwanza na 26 kwa la pili. Yaani hata bure, zaidi ya nusu waliiacha. Kuna kuchekwa, na kuna imani kwamba miwani hulegeza macho. Jaribio lililofanyika Malaysia na kuchapishwa mwaka 2002 liliwapa watoto lenzi dhaifu kwa makusudi, na mayopia yao ikazidi kwa kasi kuliko ya waliopewa lenzi kamili. Miwani sahihi haiharibu jicho. Mwalimu akilisema hilo mbele ya darasa zima, na akimkemea anayecheka, amefanya kazi kubwa ya tiba.

Nina onyo moja la mwisho kwa wazazi. Macho mekundu yanayowasha, yanayoogopa mwanga, mara nyingi ni mzio na wala si kazi ya simu. Utafiti wa shule za Rwanda uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha jinsi mzio wa macho wa utotoni unavyowakosesha watoto masomo. Mtoto huyu hujificha ndani kwa sababu mwanga unamuumiza, kisha mzazi humnunulia matone yenye steroidi bila kuandikiwa, na matone hayo yakitumika kwa miezi yanaweza kuleta glakoma na mtoto wa jicho. Mpeleke kituo cha afya.

Matone ya atropini yenye nguvu ndogo na lenzi maalumu za kupunguza kasi ya mayopia zipo duniani, na siku moja nitapenda kuziona zikipatikana kwa kadi ya bima ya afya ya Mutuelle de Santé. Zina gharama na zinahitaji wataalamu. Dakika 40 za mapumziko ya nje zinahitaji uamuzi wa kikao kimoja cha shule. Ratiba ya muhula ujao bado haijapangwa. Mzazi, nenda kwenye kikao hicho, uulize mtoto wako atakaa nje saa ngapi kila siku, na usiondoke kabla jibu halijaandikwa kwenye ratiba.